Shoga wangu wa chama kile: namna ya kufanya urafiki wa mtandaoni na mtu mnayepingana siasa

Kwanza niseme kwamba neno shoga nalitumia kwa maana yetu ya Zanzibar, mwanamke aliye rafiki wa mwanamke mwenzake. Najua wenzetu wa bara na vijana wa mtandaoni wamelipa maana nyingine na watanicheka. Wacheke. Sina neno jingine lenye uzito huo.

Mimi ni mtu wa Wete, Pemba, nakaa Limbani, nauza mikate ya kumimina na vileja. Chama changu unaweza kukibahatisha kwa anwani hiyo tu, Pemba ni ngome ya upinzani. Shoga wangu ni mtu wa Makunduchi, kusini Unguja, na chake pia hakihitaji kuulizwa, ni CCM, chama tawala. Tumejuana kwenye simu tangu 2015, na tangu hapo tumepita uchaguzi uliofutwa, uchaguzi wa marudio, chaguzi mbili nyingine na msiba mmoja mkubwa. Tumegombana mara tatu, na ugomvi mbaya kuliko wote ulikuwa kosa langu. Watu huniuliza tumewezaje. Wengine wananiuliza kwa wema, wengine kwa jicho la "umekula nao wewe." Nimeona bora niandike tulivyofanya, maana haikuwa bahati, tulikosea, tukarekebisha, tukakosea tena.

Kwa asiyetujua: uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar tangu vyama vingi virudi, mwaka 1995, Salmin Amour wa CCM alitangazwa kwa asilimia 50.2 za kura za urais, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, chama cha upinzani, akapewa 49.8. Mwaka 2010, Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM 50.1, Maalim 49.1. Nusu kwa nusu. Ukiamua kumkata kila mtu wa chama kile, umeikata nusu ya visiwa hivi, na humo wamo mkunga, fundi wa bomba na mtu wa kukukopesha unga. Na tulikwisha jaribu kukatana. Baada ya 1995, hapa Pemba duka la mtu wa chama kile halinunuliwi, gari yake haipandwi, harusi yake haihudhuriwi, hata maiti yake wapo waliokataa kuizika. Mume wa shangazi yangu alikuwa wa upande ule. Alipofariki, waliokuja mazikoni walihesabika, na chakula cha matanga kilibaki masufuria mazima. Mimi sikwenda. Nilikuwa na miaka 22 na nilijiona nimefanya la maana.

Usimtafute kwenye siasa

Ukitaka rafiki wa chama kingine, usiende kumsaka chini ya habari za siasa ambako watu wanatukanana. Pale kila mtu amekuja na panga lake. Nenda mahali ambapo mikono inafanya kazi: mapishi, ushonaji, ufugaji wa kuku, mpira, qasida. Pale mtu utamheshimu kwa anachokijua kabla hujajua anampigia nani kura, na heshima ile ikishaingia, kuitoa ni kazi.

Mimi niliingizwa kwenye grupu la WhatsApp la mapishi Ramadhani ya 2015, watu 90 na kitu, wa Unguja, Pemba, Dar es Salaam, na wachache waliopo Muscat. Wakati ule mkate wangu wa kumimina ulikuwa na ugonjwa. Unaumuka vizuri, unapanda mpaka unapendeza, halafu ukishaiva unatumbukia katikati kama kaburi la zamani. Nilibadilisha mchele, nikabadilisha hamira, nikamlaumu muuza nazi. Nikatuma picha kwenye grupu. Wengi wakaniambia niongeze hamira. Mwanamke mmoja, sijui jina lake wala sura yake, akauliza swali moja tu: "Makaa mangapi juu, mangapi chini?"

Nikamwambia nimegawa sawasawa.

"Ndipo palipo. Moto wa chini unausukuma mkate, wa juu hauushiki. Chini bakisha machache, juu ya mfuniko jaza. Na usifunue funue, si mtoto mgonjwa huyo."

Nikafanya. Mkate ukasimama, uso wa dhahabu, ndani vitobo kama sega la asali. Nikatuma picha, na yeye akajibu kwa neno moja: "Umekaa." Basi. Ndiye huyo.

Tazama ilivyokuwa: kabla sijajua ni wa Makunduchi nilikuwa tayari namwona fundi wangu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni hiyo, uwe na shida ya kweli ya jambo dogo, uulize, na ukisaidiwa urudi kusema ilikuwaje. Wengi hawarudi. Anayerudi hukumbukwa.

Mtoe kwenye kadamnasi

Tulipiga kura tarehe 25 Oktoba 2015. Tarehe 28, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kwamba uchaguzi umefutwa. Saa ile grupu letu la mapishi liligeuka uwanja wa vita. Watu waliokuwa wakiulizana hiliki ngapi kwa kilo moja ya unga wakaanza kutajiana mababu. Admini, ambaye yuko Muscat na hakupiga kura ya mtu yeyote, akaanza kutoa watu mmoja mmoja. Kabla ya Isha grupu lilikuwa mawili. La kwetu likabaki na mabingwa sita wa biriani na hakuna hata mmoja anayejua keki. Nasikia la kwao lilikuwa kinyume chake.

Nilimsoma shoga wangu mle jioni ile. Aliandika sentensi moja kali, na nilijua kabisa si yeye anayesema, ni watu 90 wanaomtazama. Nami nilikuwa nimeandika zangu tatu. Mbele ya watu, mtu anatetea upande wake hata pale ambapo moyoni anasitasita, kwa sababu wenzake wanamwangalia kama atalegea. Mfuate inboksi. Usimjibu mbele ya watu, hata kama jibu unalo na ni tamu.

Ujumbe wangu nilioutuma usiku ule ninao mpaka leo, naunakili kama ulivyo:

"Assalaam alaykum dada. Mimi yule wa Wete wa mkate uliotumbukia. Grupu limevunjika, sijui wewe umeangukia wapi. Sikufichi, nina hasira, lakini si zako. Nataka kujua tu kwenu mko salama."

Alikaa siku mbili. Nikajua ndiyo basi. Siku ya tatu alfajiri:

"Waalaykum salaam. Tuko salama, alhamdulillah. Na mimi sikufichi, nimefurahi. Vipi, mkate unasimama bado?"

Nilisoma ile "nimefurahi" damu ikapanda. Kisha nikacheka. Angeweza kuniambia uongo wa adabu, hakuniambia. Kama unataka kuandika ujumbe wa namna hii, weka salamu, weka kitu kimoja mnachokijua nyinyi wawili tu, sema hali yako bila kumtwisha, halafu uliza hali ya watu wake. Neno lolote la kumtaka akiri kitu, lifute kabla hujatuma.

Sema upande wako mara moja

Hapa sina mengi. Wapo wanaodhani urafiki wa namna hii ni kujifanya huna chama. Mwenzio si mjinga, anaona jina lako, anasikia lafudhi yako, anajua Wete iko wapi. Ukijificha atakuona mnafiki, na siku ukijulikana atayakumbuka yote uliyomwambia nyuma na kuyatilia shaka. Sema mara moja, kwa sentensi moja, kisha rudi kwenye mkate.

Uliza ya nyumbani kwao

Tarehe 12 Januari 2016 simu yangu ililia asubuhi. Kadi: Heri ya Mapinduzi. Alikuwa ameifowadi kwa kila mtu, na mimi nimo. Sasa kwetu siku hiyo haipewi heri. Babu yangu hakuitaja 1964, mwaka wa Mapinduzi yaliyomwondoa Sultani, bila kushusha sauti. Nilianza kuandika, nikafuta, nikaandika tena, vidole vinatetemeka. Mwisho nikamwandikia: "Kwenu siku hii ina nini? Nieleze kama unamweleza mtoto."

Alinitumia voisi tatu, ukizijumlisha dakika kumi na moja. Hakusema neno hata moja juu ya chama. Alinieleza kusini kwao, ardhi ya mawe matupu isiyoota karafuu. Babu yake alikuwa akitembea mpaka kwenye mashamba ya watu kupalilia, anarudi na vibaba vya mchele. Mama yake amezaliwa sakafuni, baadaye akawa wa kwanza katika ukoo wao kwenda skuli. Kisha zikajengwa fleti pale Makunduchi, na mama akaingia kwenye nyumba yenye bomba la maji ndani, akawa anafungua na kufunga, anafungua na kufunga, mpaka mumewe akamgombeza.

Fleti za namna ile na Wete tunazo, pale pale barabarani. Nimezipita maisha yangu yote, nguo zimeanikwa kwenye baraza za juu, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyewahi kulia kwa furaha ya bomba.

Sasa sikiliza, hapa ndipo pagumu. Ukishasikia hadithi ya mwenzio usimlipe na yako siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nayo mdomoni: watu waliochapwa bakora hadharani hapa Pemba, njaa ya mwanzoni mwa miaka ya sabini, bei ya karafuu. Ningeimwaga pale, ya kwake ingekuwa haikusikilizwa, ingekuwa tunashindana nani kaumia zaidi. Nilimwandikia: "Nimesikiliza. Nitasikiliza tena kesho." Na kesho nikasikiliza tena, kweli, nikiwa nachekecha unga.

Haikupita miezi akaniuliza mwenyewe ya kwetu. Nikamweleza tarehe 27 Januari 2001. Maandamano, risasi, watu zaidi ya 30 waliokufa, na zaidi ya 2,000 waliovuka bahari kwa vyombo vidogo kwenda Shimoni, Kenya. Kaka yangu alikuwa mmoja wao, kavuka usiku na shati moja. Mama alikuwa akimpakulia kila siku mchana, anaifunika sahani kwa kawa, na magharibi anawapa watoto wa jirani. Miezi.

Akanyamaza muda mrefu, nikiona pale juu anaandika, anaacha, anaandika. Halafu: "Mwaya, sisi kule tulisikia habari ya polisi aliyeuawa Micheweni tu. Haya mengine sikuyajua."

Na polisi kuuawa Micheweni ni kweli, sikumkatalia. Mimi ndiye niliyekuwa nimezoea kuikata sehemu hiyo ninaposimulia. Tangu siku ile naisimulia yote.

Usimuulize mtu "kwa nini unawapigia kura hao," maana hilo swali lina jibu lililokaririwa, atakupa kile alichokisikia mkutanoni. Muulize nyumba aliyokulia, bei ya kitu fulani alipokuwa mdogo, nani kwao alikwenda skuli. Chama kitajitokeza chenyewe, kikiwa na mama yake ndani.

Klipu, maneno na ile stetasi

Tuna kanuni moja hatujaivunja: hakuna kufowadiana klipu za wanasiasa. Unalo la kusema, liseme kwa mdomo wako. Klipu ni sawa na kumwingiza mwanamume usiyemjua ukumbini mkiwa mmekaa wawili na kanga za nyumbani. Mazungumzo yanakwisha pale pale.

Maneno nayo tulikatazana. Yeye alinikataza "vibaraka" na "mazombi," jina la wale waliokuwa wakipiga watu na nyuso wamefunika, nami nikamkataza "Hizbu," jina la chama cha kabla ya Mapinduzi, na lile la "rudini kwenu Pemba." Hatukufanya mkutano. Kila lilipouma, aliyeumia alisema "hilo neno linaniuma," na mwenzie akaliacha bila kudai maelezo. Ukidai maelezo umelitumia mara ya pili.

Ni voisi kuliko maandishi, kama jambo lina moto. Maandishi hayana sauti, mwenzio anayasoma kwa sauti ya adui yake. Lakini voisi ya hasira usiitume saa ile. Irekodi, isikilize mwenyewe, utaona haya. Na jingine ambalo si la adabu bali la usalama: skrinshoti. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, neno uliloliandika kwa utani linaweza kusomwa mahali pasipo na utani. Usimwandikie rafiki yako kitu ambacho simu yake ikipotea kitamtia matatani, na usimchokoze aandike cha namna hiyo.

Haya, kosa langu. Tarehe 20 Machi 2016 uchaguzi ulirudiwa. Chama changu kilisusia, sikutoka nyumbani. Matokeo yakatoka: Dk. Shein asilimia 91.4. Wakati ule stetasi ya WhatsApp ilikuwa maneno tu chini ya jina lako, hakuna picha wala video. Nikaweka: "Asilimia 91 ya viti vitupu vimepiga kura." Nikajipongeza. Ndugu zangu wakanitumia vicheko.

Shoga wangu asubuhi ya siku ya kura alikuwa amemshika mkono mama yake, yule wa bomba, mguu umevimba, wakapanga foleni mpaka wakapiga. Alikuwa amenieleza tangu jana yake. Nilisahau. Au sikusahau, sijui.

Alinyamaza siku kumi na moja. Siku ya nne niliandika: "Samahani kama nimekuudhi, lakini na wewe unajua hali ilivyokuwa." Tiki mbili, kimya. Ilistahili kimya. Ile "kama" ilikuwa inamwambia pengine hakuudhika, na ile "lakini" ilikuwa inairudisha samahani mfukoni mwangu. Siku ya kumi na moja niliandika upya: "Niliandika kwamba waliopiga kura ni viti. Wewe na mama mlisimama foleni, na nilikuwa najua. Nimefuta. Samahani." Hakuandika kitu. Alinitumia picha ya mama yake amekaa barazani, mguu umewekwa juu ya kigoda, anaangalia kamera kama anayesubiri nimwambie na yeye samahani. Nikampigia simu, nikamwomba radhi kwa sauti. Bibi yule akaniuliza kama Pemba mihogo mwaka huu imekubali.

Usibadilishe stetasi siku ya matokeo. Kama huwezi kujizuia, ipo sehemu kwenye mipangilio ya faragha unachagua nani asiione, ila mimi sipendi njia hiyo. Jambo unalomficha rafiki ujue tayari umelitilia shaka mwenyewe.

Siku za kura

Tunapeana likizo. Wiki ya mwisho ya kampeni mpaka siku tatu baada ya matokeo ni salamu na chakula tu. Si woga. Wiki ile hakuna mtu anayefikiri, sote tumejaa spika za magari kichwani.

Na andika namba yake ya kawaida kwenye karatasi, pamoja na namba ya mtu mmoja wa nyumbani kwake. Oktoba 2020, WhatsApp ilikuwa haifunguki mpaka uwe na VPN, na mimi VPN nilidhani ni aina ya bando. Nilikaa siku nzima naiangalia simu kama jiwe. Mwanangu ndiye aliyenikumbusha daftari la wateja, namba yake nilikuwa nimeiandika nyuma kabisa siku aliponiagiza karafuu. Nikampigia. "Uko hai?" "Niko hai mwaya, na wewe?" "Niko hai." Hatukuongeza kitu. Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani karibu na jiko.

Ikifika msiba

Tarehe 17 Februari 2021 alifariki Maalim Seif, hospitali ya Muhimbili, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kwetu ilikuwa kama kila nyumba imefiwa na baba. Sikutaka kushika simu, maana nilijua mitandaoni wapo watakaofurahi.

Ujumbe wake ulikuwa voisi ya sekunde arobaini. Sehemu kubwa hakusema, alikuwa anapumua. Alisema: "Pole shoga. Kwetu leo hata waliokuwa wakimsema wamenyamaza." Kisha ikaingia meseji ya pesa, shilingi 10,000. Nikamuuliza ya nini. "Ubani," akasema, kama vile nimefiwa na mzee wa nyumbani na hapana cha kujadili.

Sikujua ubani ule niupeleke kwa nani. Nikanunua mchele, nazi na hiliki, nikawasha makaa, machache chini, mengi juu. Mikate minne. Kesho yake, siku ya mazishi, nikavuka nayo Mtambwe, alikozikwa, nikawakabidhi wanawake waliokuwa wanapika, wakakata wakagawa. Hakuna aliyeuliza pesa imetoka wapi.

Ukisikia rafiki yako wa upande wa pili amefiwa na kiongozi wake, basi ushauri wangu ndio huo: fanya kile ambacho kwenu kinafanywa kwa mfiwa, usikipunguze. Na usiingize neno "ingawa."

Wa kumwacha

Si kila mtu anafaa. Grupu lile lile nilijaribu na mwingine, wa Mjini, akanifuata miezi minane. Kila nikimweleza kitu, kesho nakikuta kwenye grupu lao, kimegeuzwa. Huyo nilimbloku na sijutii. Anayetangaza siri zako, anayewatukana wazazi wako, anayekuomba kila siku uthibitishe kwamba wewe "si kama wao," hao waache mapema, bila hotuba ya kuaga. Kutofautiana juu ya Muungano, juu ya serikali mbili au tatu, juu ya nani kashinda lini, hayo tunayo mpaka leo na hatukuyamaliza. Hatujaribu tena kuyamaliza.

Mkionana

Msikimbilie kuonana. Sisi tulichukua miaka saba. Na mkienda kuonana, nenda siku yenye shughuli nyingine ya kutazama, si kukaa uso kwa uso mezani mnatafuta la kusema.

Alinialika Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Julai 2022. Makunduchi siku hiyo kuwa na mgeni ni heri, asiye na mgeni hata hutafuta wa barabarani, kwa hiyo nilijua nitakuwa na kazi rasmi. Kutoka Wete gari mpaka Mkoani, boti mpaka Malindi, bandari ya mjini Unguja, kisha daladala ya 310 mpaka Makunduchi, na mkate wa kumimina nimeupakata njia nzima kama mtoto. Nilipoufungua mbele yake ulikuwa umebonyea katikati. Aliutazama, akanitazama. "Makaa mangapi?" Tulicheka mpaka mama yake akatoka ndani na mkongojo kuuliza nani kafa.

Tulikwenda Kae Kuu, uwanja wa sherehe. Wanaume wa upande mmoja na wa upande mwingine wakapigana kwa vigogo vya migomba, wanatoa vinyongo vya mwaka mzima, na wanawake pembeni wanaimba matusi ya kupendeza ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kibanda cha makuti kikachomwa. Jirani yake akaniambia mle wanapigana hata ndugu, na ukishatupa mgomba wako hakuna kurudia.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kabla ya hapo, tulipokuwa tunatoka nyumbani. Mumewe alikuwa na kofia ya kijani yenye mstari wa njano, imening'inia kwenye msumari wa mlangoni, ya kampeni ya mwaka gani sijui, imepauka. Alipotuona tunakuja aliiondoa haraka, akaificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Mzee mwenye mvi zake. Nikamwambia, shemeji, vaa kofia yako, jua kali.